Sahani ya Chumba cha Uani

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka ishirini na moja. Hapana, ishirini na moja misikiti ilikwisha funguliwa, watu wanaswali wameachiana nafasi kama meno ya mtoto. Ilikuwa ishirini yenyewe, ule mwaka wa kufungiwa ndani kwa korona, Twalib wa mtaa wa Observatory alipokaa na mpangaji asiyelipa na serikali imemkataza kumtoa.

Twalib ni mtu wa Tanga. Aliingia Johannesburg angali kijana, akauza mikanda na saa za mkononi kwenye robot, pale magari yanaposimamishwa na taa, mpaka ndevu zikaota mvi. Alichokipata chote akakitia kwenye nyumba moja kuukuu ya mteremkoni yenye chumba kimoja cha uani. Kodi ya chumba hicho ndiyo iliyolipa maji na ushuru wa manispaa. Sasa barabarani hakuna wa kununua saa, chumba hakilipi, na manispaa imeanza kutishia. Kila alipofungua bomba kutawadha, Twalib alisikiliza kwanza kama maji yanakuja. Alijiona anaipoteza nyumba hivi hivi, huku amekaa kitako.

Chumbani alikaa Théodore, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, na mkewe Brigitte, msusi wa nywele. Duka la kushonea limefungwa, na nani atampelekea Brigitte kichwa wakati watu wanakimbiana?

"Papa Twalib," Théodore alimwambia, wote wameziba nyuso, kila mmoja upande wake wa kamba ya nguo, "siku kazi itafunguka nitakulipa yote. Kwa sasa hatuna kitu. Kabisa."

"Kabisa kabisa?"

"Kabisa, Papa. Mungu anaona."

Twalib angeamini, kama si sahani.

Mwaka waliohamia, Mwatumu mke wa Twalib aliwapelekea pilau ya Idd, na sahani ikarudi imeoshwa, inameta, tupu. Twalib mwenyewe akamtania Brigitte: "Mama, kwetu sahani ya jirani hairudi uchi. Ivalishe chochote, hata ndimu mbili." Brigitte alicheka akaomba radhi, na tangu siku ile hakusahau.

Basi Ramadhani hii, jua likikaribia kuzama, Mwatumu alikuwa akivuka uani na futari: viazi vitamu vya nazi, maharage, siku nyingine uji wa pilipili manga. Na kesho yake sahani inarudi imevaa. Siku moja karanga za kukaanga. Siku moja sombe, kisamvu cha kwao, na vipande vya samaki mkavu. Kisha mandazi ya mviringo, ya moto, yanatoa mvuke.

Mtu asiye na kitu kabisa anapata wapi mafuta ya kukaangia?

Twalib akaanza kutega masikio. Mchana alisikia cherehani ya umeme inanguruma uani. Alipouliza, Théodore akasema anashona barakoa za parokia, bure. Bure! Twalib akakaa dirishani nyuma ya pazia akihesabu nani anaingia getini. Hakuingia mtu. Hilo nalo likamtia wasiwasi, maana alijua mtu mwenye siri haipitishi getini.

Kisha akaona unga wake wa ngano stoo unapungua. Akachora msalaba kwa kidole juu ya unga, akafunga mlango. Asubuhi msalaba haupo.

"Mama Mayasa, kuna mtu anaingia stoo."

"Panya," Mwatumu akasema, hakugeuka kwenye sinki.

"Panya gani anasawazisha unga?"

"Wa Johannesburg, Baba Mayasa. Hapa hata panya wamesoma."

Twalib hakucheka. Akanunua kufuli jipya lenye funguo mbili, mmoja wake, mmoja wa mkewe, na macho yake yakabaki uani.

Akampigia simu Luqman, mwenzake wa zamani wa kuuza saa, naye ana vyumba vyake Yeoville.

"Wewe unalishwa sombe na mtu anayekula nyumba yako," Luqman akamwambia. "Zima swichi. Baridi hii, siku tatu tu, watajitoa wenyewe."

"Sheria imekataza."

"Imekataza kumtoa mtu. Swichi imejizima. Eish, umeme wa Joburg nani asiyeujua?"

"Hata hilo wamekataza, nilisikia redioni."

"Basi endelea kusikiliza redio, mpaka umeme wa luku uishe."

Twalib aliona haya hata kuliwaza, lakini lile neno la swichi halikumtoka. Alasiri, Mwatumu akiwa anaswali, akaenda kwenye boksi la swichi ukumbini akashusha ile ya chumba cha uani. Kule nje cherehani ikakata sauti katikati ya mshono.

Théodore akaja mlangoni.

"Papa, kwenu umeme iko?"

"Upo na haupo," Twalib akasema. "Waya mbovu. Tunatafuta fundi."

Théodore akamtazama juu ya barakoa. "Sawa, Papa. Tutangoja fundi." Akarudi, akafunga mlango pole pole.

Jioni Mwatumu akavuka na futari kama kawaida. Hakuuliza neno juu ya waya. Kesho yake Twalib alikuwa na hakika: leo sahani itarudi tupu. Hawana jiko la gesi, mkaa hakuna, kuni hakuna. Watarudisha sahani tupu, na wiki haiishi wataondoka.

Muda wa kufuturu sahani ikaja mezani, imefunikwa kitambaa. Akafunua. Mandazi ya mviringo, ya moto, mvuke unampanda usoni. Akalimega moja. Lilikuwa na iliki.

Mandazi ya Brigitte hayakuwa na iliki kamwe. Iliki nyumba ile ilikuwa moja tu, ya chupa iliyotoka Tanga, juu ya kabati la Mwatumu. Twalib akageuka taratibu akalitazama karai la kukaangia kwenye jiko lake. Limeoshwa, limeinamishwa, bado linadondosha maji. Akaukumbuka unga, na ule ufunguo wa pili wa stoo.

Mwatumu alikuwa akimimina chai. Akamsogezea mumewe kikombe.

Twalib alikula mandazi mawili. Kisha akanyanyuka, akaenda ukumbini, akapandisha swichi. Punde uani cherehani ikaendelea pale ilipokatikia.

"Fundi amekuja?" Mwatumu akauliza.

"Amekuja," Twalib akasema.

Duka lilipofunguliwa, Théodore alilipa kidogo kidogo hadi mwisho, na mwaka uliofuata wakahamia Kempton Park. Nyumba ingali ya Twalib, maji yanatoka. Siku ya kuhama alimsogelea Brigitte akamuuliza jambo moja, Brigitte akaangua kicheko, akapanda gari. Alimuuliza Théodore kwa simu, Théodore akasema mtandao mbaya. Na Mwatumu mkewe, Twalib humuuliza kila Ramadhani tangu hapo, naye kila mara ana chungu cha kukoroga:

"Mama Mayasa, yale mandazi ya siku ya waya mbovu, moto ulikuwa wa nani?"