Wangu Hawakutoka Damu

Hakuna doa lililomshinda Mkawasi. Mvinyo, kutu, mafuta ya lori, maji ya embe, yote alitoa. Miaka kumi na miwili alifua mashuka kwenye nyumba ya wageni ya Wazungu pale Voi, karibu na steshoni, na wasafiri walioshuka wakiwa wekundu kwa vumbi waliondoka na mashati meupe kuliko siku waliyoyanunua. Kazi ni debe la maji yanayotokota, magadi, sabuni ya mche, na buluu kidogo mwishoni. Na mikono. Yake ilikuwa imeota sugu mpaka hata sindano ilikuwa haiisikii.

Novemba 1954, Memsabu, mke wa mwenye nyumba, aliwagawia wafanyakazi maua mekundu ya kitambaa. Ya kuvaa Jumapili makaburini, kukumbuka askari waliokufa vitani. Mkawasi alipokea lake, akasema asante, akaenda nalo uani, akalitumbukiza kwenye debe.

Kiilu, mpishi, alitoka jikoni kumwaga maganda akaliona linaelea.

"Weh! Mama, siku hizi unapika maua? Kwani mimi nimekunyima chakula?"

"Natoa rangi."

"Rangi imekukosea nini?"

"Haijanikosea. Kwani nyekundu si ni ya damu?"

"Ni ya damu, ndiyo. Damu ya wanaume." Kiilu alijigonga kifua. Alipigana na Wajapani kule Bama vita vya pili, na medali yake aliisugua kwa jivu kila Jumamosi.

"Basi," Mkawasi akasema, akikoroga. "Wangu hawakutoka damu."

Kiilu alikuwa anajua kidogo. Kila mtu Voi alikuwa anajua kidogo, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Vita vya kwanza vya Wazungu vilimkuta Mkawasi msichana wa miaka kumi hivi kule Rukanga, chini ya mlima Kasigau. Wajerumani walivuka mpaka, wakapanda mlima, wakawapiga Waingereza waliokuwa hapo. Serikali ikasema wenyeji ndio waliowaonyesha njia. Nyumba zikachomwa, mlima wote ukateremshwa, wazee kwa watoto, wakatembezwa mpaka Malindi. Watu wa ukungu na baridi wakamwagwa kwenye joto na mbu. Nyanya yake alikufa kwanza. Mama akafuata, amekonda mpaka nguo inamdondoka. Ndugu yake mdogo, Mwandawiro, alifia mgongoni mwa Mkawasi akienda kuchota maji. Alirudi na mtungi kichwani na maiti mgongoni, akidhani mtoto amelala.

Waliobaki walikaa karibu miaka ishirini ndipo wakaruhusiwa kurudi kwao. Hakuna aliyewaambia pole. Na kila Novemba kengele inapigwa, watu wanaambiwa wakumbuke waliokufa vitani, na wanaohesabiwa ni wenye bunduki peke yao. Mkawasi alitaka wake wahesabiwe pia. Hakutaka shamba wala fidia.

Miaka mingine alivaa jekundu kama wengine, akanyamaza. Mwaka huo alishindwa. Zilianza kupita treni za wafungwa wa Mau Mau wakitolewa kambi za upande wa pwani kupelekwa kambi ya Manyani. Siku moja alienda steshoni kuchukua furushi la mashuka, akaona wanaume wamekalishwa chini, mikono kichwani, wengine wazee, wengine wamejinyea. Akauliza askari, "Wote hawa wamefanya nini?" Askari akamjibu, "Wametoka kijiji kimoja." Kama hiyo ndiyo hatia. Mkawasi aliacha furushi palepale akarudi mikono mitupu.

Ua lilitoka jeupe. Alilikamua, akalianika, akalipiga pasi.

"Sasa nikuulize," Kiilu akasema usiku wakati wa kula, sauti imeshuka. "Ndambuki wetu, askari mwenzangu, alikufa Bama kwa kuhara. Hakupigwa risasi. Huyo ungemvalia lipi?"

"Wewe ndiye uliyemjua."

Kiilu aliinuka akaanza kukusanya sahani.

Ijumaa Memsabu aliliona ua limebandikwa kwenye gauni, akapiga kelele mpaka Bwana akatoka na gazeti mkononi. Bwana alikuwa kapteni zamani, mguu mmoja anauburuta. Alilitazama lile ua, uso ukabadilika.

"Nani fundisha wewe hii?"

"Hakuna, Bwana. Nimelichemsha."

"Wewe danganya! Uleya iko watu navaa nyeupe. Watu ya kukataa vita. Nani? Misheni? Muhindi?"

Mkawasi alishangaa kweli. Ati kule kwao Wazungu kuna Wazungu wengine wanavaa jeupe? Hiyo habari ilimfurahisha, na mtu akifurahi wakati anagombezwa, basi amekwisha.

"Wewe cheka?"

"Sicheki, Bwana. Jekundu ni la waliotoka damu. Mimi wangu walikufa Malindi kwa njaa na homa, wakati wa vita. Watu wa Kasigau."

"Ile hapana vita," Bwana akasema. "Ile homa tu."

"Homa haikututoa Kasigau, Bwana."

Kiilu, mlangoni na sufuria yake, aliangalia chini.

Bwana alikunja gazeti mara mbili. Akasema polisi wakiliona watasema ni alama ya kiapo cha Mau Mau, na yeye hatamtetea. Jumapili avae jekundu, Memsabu atampa jingine. Kama hataki, afungashe.

Jioni Kiilu alimfuata uani. "Vaa lao, mama. Moyoni liwe jeupe, nani atachungulia huko? Unataka kulala Manyani na wanaume wangu wa Machakos?"

"Hao wako wana chawa."

"Sasa si ndiyo nakwambia!"

Wakacheka, kisha wakaacha. Kiilu alikuwa na hofu ya kweli, na Mkawasi alijua. Yeye mwenyewe usiku huo alihesabu senti zake mara mbili. Hakuwa na mume, bintiye alikuwa ameolewa Mboghoni, na kazi nyingine hakuijua.

Jumapili alienda makaburini na ua jeupe.

Alisimama nyuma kabisa na wafanyakazi. Padre aliomba, tarumbeta ikalia, watu wakanyamaza dakika mbili. Kisha wakaanza kupita mmoja mmoja, kila mtu anavua ua lake na kuliweka chini ya msalaba. Kiilu aliweka lake, akapiga saluti. Zamu ya Mkawasi ikafika. Bwana alikuwa amemwona tangu mwanzo, shingo imeiva, lakini mbele ya wakubwa hakutaka fujo. Memsabu akanong'ona, "Weka. Upesi."

Mkawasi alitazama mawe yale, meupe, safi, yamepangwa kama mashuka kabatini. Kila mtu na jina lake. Hata wale ambao majina hayakujulikana, mtu alikuwa amewachongea jiwe.

"Wangu hawako hapa," akasema. Hakupaza sauti, lakini kulikuwa kimya. Akapita, akatoka langoni na ua lake kifuani.

Kufika saa nane alikuwa ameshafukuzwa. Kiilu alimfungia mikate miwili kwenye kitambaa na kumpeleka steshoni. Alidhani anaenda Rukanga.

"Hapana. Mombasa. Halafu Malindi."

"Malindi una nani?"

"Wewe Kiilu umesahau haraka."

Siku tatu baadaye alikuwa nje kidogo ya Malindi, anauliza njiani iliko kambi ya watu wa Kasigau. "Watu wa wapi?" vijana walimjibu. Mzee mmoja wa duka alinyoosha kidole upande wa mashamba, bila uhakika. Mkawasi alitembea. Hakuna alichokitambua. Mihogo imesimama kila mahali, kijani, inacheza na upepo.

Mama mmoja Mgiriama alikuwa analima. Alimwona mgeni anazunguka na ua kifuani, akampa maji kwanza, ndipo akauliza anatafuta nini. Mkawasi akamwambia.

Yule mama aliliweka jembe begani. Alimshika mkono akampitisha katikati ya mihogo mpaka mahali palipoachwa bila kulimwa, majani yamefika magotini.

"Nilipoolewa hapa jembe langu liligonga kichwa cha mtu," akasema. "Halafu kingine, kidogo, cha mtoto. Nilivirudisha. Mume wangu alitaka tupalime, nikakataa, nikamwambia hawa nao wana wenyewe."

Mkawasi alitenga majani kwa mikono. Alikaa chini, na kilio alichokibana toka siku ya ule mtungi kikatoka chote, kikubwa, cha kutisha ndege. Mwenyeji wake aliweka jembe, akakaa naye, akangoja. Jua lilikuwa limesogea ndipo akauliza, taratibu,

"Dada, ni nani hawa?"

Mkawasi akajifuta uso kwa kanga, akaanza na mama yake.