Gari Lisilonguruma

Mume wangu ni fundi wa injini, na pale gereji wanamwita Sikio. Anagusisha ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini anaubana sikioni, anafumba macho, kisha anakwambia kinachougua. Nilipoolewa naye niliona ni kipaji. Siku hizi naona ni mtu aliyesikiliza vyuma tu, sisi wengine akatuacha tuongee na kuta.

Kipenzi chake ni gari jekundu la petroli, la mbio, la gia za mkono. Haruhusu mtu mwingine hata kulifuta vumbi. Ukimtajia gari la umeme, anafura.

"Friji lenye magurudumu! Huna gia ya kupangua, huna mngurumo. Sasa dereva anafanya nini humo, anasinzia?"

"Linachomoka kabla la kwako halijavuta pumzi," binti yetu humjibu. Ni mtoto wetu wa pekee, naye ni fundi hapo hapo gereji kwetu. Alikuwa amepata kazi mji mwingine, kwenye karakana ya magari ya umeme, lakini moyo wake ulitaka kubaki nasi. Siku moja pale gereji alikuwa amemaliza breki za gari la umeme la mteja. Akamwambia baba yake mbele yangu:

"Baba, liendeshe mara moja tu, kwa roho safi. Ukikubali tuyapokee magari haya hapa, nabaki. Ukikataa, naenda zangu."

Nilimkazia macho yule mwanamume mpaka akapanda. Binti akasimama mbele, kando ya gari jekundu, amwelekeze kutoka. Sikio akaliweka kwenye D, ya kwenda mbele, akasubiri mngurumo.

"Limeshawaka, Baba. Taratibu."

"Limewaka wapi? Mbona sisikii kitu?"

Akafanya anachofanya kwa injini yoyote inayosuasua: akakanyaga pedali hadi chini ili ingurume. Gari la petroli lingepiga kelele kwanza, mtu akapata nafasi ya kujuta. Hili liliruka kimyakimya. Binti akajitupa pembeni, na ubavu wa gari jekundu ukabonyea wote.

Nilipiga yowe. Mwanangu alikuwa sakafuni, kiwiko kinavuja damu. Sikio akashuka. Naapa, aliiruka miguu ya binti yake, akaenda kufungua boneti ya gari jekundu na kuinamia injini na bisibisi yake.

"Washa," akaniamuru. "Washa nisikie kama imepona."

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yeye dakika ile. Binti alinyanyuka mwenyewe, akajifunga kitambaa, akaingiza mkono dirishani na kuwasha lile gari jekundu. Injini ikanguruma, nzima kabisa.

"Mama, nisaidie kubeba vifaa vyangu," akasema.

Tukabeba. Mlangoni akasimama, akapaza sauti: "Kwaheri, Baba."

Sikio hakugeuka. Aliinua mkono kutunyamazisha, asikie vizuri.