Nyuzi Ambazo Hazikufika Busia

Yule mwalimu wa kemia niliyewahi kuwasimulia habari zake katika ukurasa huu amefariki. Dada yake alinikuta juzi sokoni Busia, akanieleza kwamba kidonda cha mguu, kile cha ugonjwa wa sukari, kimemmaliza, na kwamba wameshamzika kwao Namboboto.

Wachache walijua kwamba alirudi nyumbani kumuuguza mama yake, akaacha maabara ng'ambo ambako yeye na wenzake walikuwa wakichunguza nyuzi nyembamba mno, zisizoonekana hata kwa darubini ya shule. Aliniambia hazisokotwi na mtu. Chembe ndogo zikitiwa kwenye maji ya chumvi hushikana zenyewe, zikawa nyuzi, nyuzi zikawa wavu, na maji yakaganda kama uji uliopoa. Walitumaini kwamba siku moja wavu huo utawekwa kwenye kidonda, nyama mpya ipate pa kujishikiza, kisha uyeyuke mwilini bila madhara.

Lori la mafuta liliposhika moto Malaba, mimi na mwalimu tulikwenda hospitalini kumwona jirani yake, mama aliyeuza samaki wa kutoka ufuo wa Osieko, aliyeungua kifua chote. Bandeji zilikuwa zimekwisha. Mumewe alikuwa akichana shuka, akivifua vipande na kuvianika dirishani. Alikuwa amesikia habari za zile nyuzi, akauliza kwa upole, "Madam, hiyo dawa yako ya kushikanisha nyama, si unaweza tengeneza kidogo tu?"

Mwalimu akamjibu, "Bado iko kwa chupa huko, mzee. Hata kwa panya hawajamaliza kuipima. Na hapa sina kitu ya kuanzia."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukamua vitambaa. Mkewe hakupona.

Tangu hapo mwalimu hakutaja tena maabara. Alipolazwa yeye mwenyewe, nilijaribu kumliwaza kwamba huenda wenzake wamekaribia kufaulu. Akasema, "Wakifaulu, sisi hapa tutaisikia kwa redio."

Ningependa kuwaambia kwamba kazi yake itatufikia. Sina sababu ya kuliamini hilo. Ninachojifunza ni kwamba elimu ya mtu mmoja haimtibu yeyote, hata yeye mwenyewe, pasipokuwa na mahali pa kuifanyia kazi. Tulikuwa na mtu aliyejua jinsi nyama inavyoweza kushikana, naye akazikwa na kidonda kikiwa wazi.