Kidonda cha Baba na Wageni wa Kintinku

Niliondoka Dodoma kwa sababu ya simu ya kaka. "Njoo. Daktari amesema kidonda kisipoonyesha dalili ya kufunga mpaka kliniki ijayo, mguu wa Baba unakatwa." Baba ana kisukari. Kila wiki nyama mpya inachomoza, kisha inapotea. Na mimi, jamani, kazi yangu chuoni ni kutengeneza kwenye kompyuta modeli ya jinsi seli zinavyotembea kuziba jeraha!

Ndani ya basi niliifungua ile modeli. Mama niliyekaa naye akachungulia. "Mwanangu, hicho kidudu kinachotambaa ni nini?"

"Ni seli, mama. Inanyoosha ukingo mbele, inashika chini, ndipo inavuta mwili. Ikibanduliwa, ukingo unarudi nyuma."

"Kumbe tuna vitu vinatembea humu!" akasema, akijitazama mikono. Mimi sikuweza hata kucheka.

Kintinku nilifika mchana. Baba alikuwa amekaa mlangoni, mguu juu ya kigoda.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mama. Umekonda."

Kabla sijatua begi, jirani yetu Mzee Ndahani akaingia kumjulia hali. Baada ya salamu, Baba akainama na kuanza kufungua bandeji mwenyewe. Ilikuwa imegandana na nyama. Akaivuta, damu ikachuruzika. Mzee Ndahani akatazama, akatikisa kichwa: "Pole sana, ndugu yangu." Hata haijafungwa vizuri, wakaja kina mama wa kanisani, na bandeji ikafunguliwa tena.

"Baba, unafanya nini?"

"Watu wamekuja kuniona, niwaonyeshe kitambaa? Mficha maradhi kifo humuumbua."

Kwetu ndivyo ilivyo. Ukimficha mgeni kidonda, atadhani unamshuku ana jicho baya.

Nikamwekea kompyuta mapajani. Nikamwonyesha seli inavyotambaa na kushika, kisha nikaibandua ukingo. Ikajikunja, ikarudi ilikotoka.

"Hizi ndizo zinazokushonea ngozi, Baba. Zinahangaika usiku kucha, asubuhi unazing'oa. Kuanzia leo bandeji ataigusa nesi peke yake."

"Utanigombanisha na watu."

"Bora nigombane na Kintinku nzima kuliko nikuone na mguu mmoja!" Nikaangua kilio mbele ya wageni wote.

Siku zilizofuata nilikaa mlangoni kama askari. Shangazi alipozuiwa kukiona kidonda, alinuna. "Elimu imemtia kiburi," akasema, akaondoka bila kuaga. Baba hakula vizuri siku ile, na mimi nikaanza kuogopa kwamba nimemvunjia undugu bure.

Siku ya kliniki, Manyoni, daktari alifungua bandeji taratibu mno. Baba alitazama ukutani. Pembeni ya kidonda, pande zote, kulikuwa na utepe mwembamba wa rangi ya waridi.

"Ngozi mpya imeanza kutambaa," akasema daktari. "Hatukati. Endeleeni hivihivi."

Baba alinibana mkono mpaka ukauma.

Asubuhi ya kurudi, Shangazi alikuja, uso bado umekunjwa. Nikiwa nafunga begi nilimsikia Baba: "Karibu, dada. Kidonda nitakusimulia. Kukiona, hata mimi mwenyewe nimekatazwa." Shangazi akacheka kwa shingo upande, akavuta kiti.

Basini niliifungua tena modeli yangu. Nguvu ya kusukuma ilikuwemo, ya kushika ilikuwemo, na ya kuvuta pia. Watu wanaokuja kukupa pole sikuwa nimewaweka.