Mtetemo Niliokataa Kuufuta

Msimamizi wangu wa uzamili alitaka nilainishe grafu. Nilikuwa nimeandika mlinganyo wa kitu kinachosukumwa na nguvu ya polepole, inayopanda na kushuka kwa zamu. Kwenye kompyuta, mstari ulitulia tuli kwa muda mrefu, kisha ukatetemeka ghafla kama uliotekenywa, kisha ukatulia tena.

"Hayo ni makosa ya kompyuta," alisema. "Chukua wastani, mambo yaishe. Ukileta takataka hii mbele ya jopo watakuangusha, na mimi sitakutetea."

Kuangushwa kulimaanisha kuondolewa chuoni, maana muda wangu wa masomo ulikuwa umekwisha. Niliogopa, sikatai. Lakini zaidi ya kuogopa, nilikasirika.

Nyumbani kwetu, mtaa wa Tena, maji ya mgao yakipotea tunaacha mfereji wazi na ndoo chini yake, ili yakirudi tuyasikie. Presha hupanda polepole. Paipu hukaa kimya weee, halafu huanza kugonga ukuta hadi mama aikimbilie na kuikamata kwa mikono miwili. Nimekua nikiona hayo. Mtu asiniambie kitu cha polepole hakiwezi kuleta kishindo.

Kakangu, aliyekuwa ametoka kibarua Industrial Area, alinikuta nikirudia hesabu.

"Si ufute tu hiyo kitu, manze? Pita kwanza, maringo baadaye."

"Sifuti."

Kosa la kompyuta hufifia hatua za hesabu zikifanywa ndogo. Nilizipunguza zikawa ndogo mno, mtetemo ukabaki. Nikaipunguzia kasi ile nguvu. Utulivu ukarefuka, lakini mtetemo haukukosa kuja. Makosa gani hayo yenye adabu ya kufika kila zamu?

Mbele ya jopo, msimamizi alinitambulisha kama mwanafunzi mkaidi. Sawa. Nilionyesha grafu vile ilivyo, kisha nikaiendesha hesabu papo hapo kwenye projekta. Mstari ukalala. Tukangoja. Mtu akakohoa, na msimamizi akasimama, akaanza kukusanya karatasi zake.

"Keti kidogo, Prof, bado," nikamwambia.

Ndipo mstari ukatetemeka, na mtahini mmoja akasogeza kiti karibu.

Nilipita, na grafu yangu haikuguswa. Ila raha niliyobaki nayo hadi leo si ya shahada. Ni ya pale mbele ya jopo, mstari ukiwa bado unatetemeka, msimamizi aliposema, "Basi, zima, tumeona."

"Mstari bado haujatulia," nikamjibu, nikawangojesha wote, yeye akiwemo.