Maji Yaliyokuwa Bado na Kazi

Jumamosi asubuhi nilienda kwa jirani yangu hapa Voi kuazima wilbaro, nikakuta mambo. Mkamwana wake, aliyeletwa nyumbani kwa mara ya kwanza kutoka Nairobi, alikuwa ameosha vyombo vyote peke yake. Akabeba karai kwa adabu, akafungua geti, akamwaga maji barabarani.

Jirani yangu, mama mkwe wake, alikuwa anakata sukuma wiki. Kisu kikabaki hewani.

"Umeyamwaga?"

"Ndiyo, mama. Yalikuwa machafu."

"Machafu? Hayo yalikuwa hata hayajaanza kazi!"

Akamhesabia kwa vidole. Makombo ni ya kuku, maji yenyewe ni ya kumwagilia sukuma bustanini. Maji ya kufua yanapiga deki, kisha yanaenda chooni. Ya kuoga ni ya mpapai. Na mfereji umekauka tangu wiki jana! Hata kuku walikuwa wamesimama getini, wakiangalia ule unyevu ukipotea.

Machozi yakaanza kumtoka msichana. Mama akaweka kisu chini, akamshika bega. Nilidhani anamkumbatia, kumbe anamsogeza hatua tatu.

"Basi, mwanangu. Kama ni kulia, lilia hapa kwenye sukuma."

Msichana akaangua kicheko huku bado analia. Huku kwetu mkamwana hapimwi kwa kupiga magoti, anapimwa kwa pale anapopeleka karai.

Mimi nilipopewa maji ya kunawa, sikungoja kuelekezwa. Nilienda mwenyewe nikasimama chini ya mpapai.