Sauti Iliyonituma Gilgil

Kuna miaka ambayo Mungu alikubaliana na mimi katika kila jambo. Nikichoka na kwaya, ananiambia muda wangu kwenye kwaya umekwisha. Nikiona mama mwenzangu kanisani amependeza kunishinda, naoneshwa rohoni kwamba ana kiburi. Nilipotaka tuhame Nakuru mjini tukajenge Lanet, kwenye nyumba mpya zenye mageti, sauti ya Bwana ilikuja waziwazi, ikataja hadi rangi ya mabati. Ilikuwa ni ile ile niliyokuwa naipenda. Huo ndio tuliouita ushirika wa karibu.

Nilikuwa kwenye kundi la waombezi, na pale kila sentensi ilianza na "Bwana ameniambia". Ukishasema hivyo mazungumzo yanaisha, maana nani atabishana na Bwana? Mume wangu, mwanajeshi mstaafu na mtu wa maneno machache, alikuwa akinisikiliza, kisha anaenda kumwagilia sukuma wiki.

Halafu mama yetu akafariki, kwa presha, nyumbani Gilgil. Ndugu yangu mkubwa ndiye aliyekuwa akikaa naye. Alimpeleka kliniki, akampikia, na mama alipolemewa kabisa, akamwosha kwa mikono yake. Ila Jumamosi alikuwa anakunywa, na kanisani alikuwa haingii. Mimi nilikuwa nafika mara mbili kwa mwaka, nimebeba chupa ya mafuta ya maombi. Ilikuwa wazi ni nani kati yetu alikuwa wa kiroho.

Siku ya mazishi nilipewa dakika mbili nishukuru wageni. Nikashika kipaza sauti nikasema, "Bwana ameniambia mama yetu angekuwa hai leo kama nyumba hii haingekuwa na pombe."

Watu kadhaa walisema amina. Ndugu yangu alikuwa amesimama kando ya kaburi na koleo mkononi. Aliliweka chini polepole, akapita katikati ya mahindi akaenda zake. Hakuonekana tena mpaka wageni walipomaliza kula.

Nilirudi Lanet nikijipongeza kwa utiifu. Miaka mitatu ndugu yangu hakushika simu yangu, na mimi nikawaambia waombezi kwamba nateswa kwa ajili ya injili.

Asubuhi moja nilikuwa kwenye cherehani, nashona sketi za shule, nikiwa sina maombi yoyote kichwani. Jambo likanijia, bila radi wala machozi: ulimsingizia ndugu yako, na ukatumia jina langu. Nenda Gilgil umwambie.

Nikalikemea. Nilikuwa hodari wa kukemea, majirani ni mashahidi. Kwa kawaida nikikemea kitu huwa kinaondoka. Hili lilinisubiri nimalize, na nilipomaliza lilikuwa bado pale, halijapandisha sauti.

Nikaomba ishara. Kama ni wewe, mvua inyeshe leo. Ilinyesha kabla ya chakula cha mchana. Nikasema hiyo si ishara, huu ni mwezi wa nne. Nikaomba nyingine: ndugu yangu anipigie mwenyewe. Hakupiga, nami nikafurahi sana kuona kwamba Mungu hakuwa amesema kitu. Lakini usingizi haukuwa ukija vizuri.

Nikalipeleka jambo hilo kwa kiongozi wetu wa waombezi. Alinisikiliza amefumba macho.

"Dada, hiyo ni sauti ya hukumu," akasema. "Adui anataka kukurudisha nyuma. Tena Jumamosi tuna kongamano, na wewe ndiwe wa mapambo."

Basi shetani alikuwa amekaa kikao huko kuzimu kuharibu mapambo yetu. Nilitamani sana iwe hivyo.

Nikamuuliza mume wangu akiwa anakula githeri. "Inaweza kuwa ni shetani?"

"Shetani akutume ukaombe msamaha? Atapata nini?"

"Sasa nitajuaje ni Mungu?"

Akatafuna kwanza. "Ile ya siku ya mazishi, ilikuuma?"

"Hapana."

"Ilikupendeza?"

Niliondoa sahani yake kabla hajamaliza.

Jumamosi nilienda Gilgil. Mapambo yalifanywa bila mimi, na nasikia yalikuwa mazuri kuliko ya mwaka uliopita. Ndugu yangu nilimkuta nyuma ya nyumba akichagua viazi, vya mbegu huku, vya kuuza kule. Aliinua macho mara moja tu.

"Bwana amekuambia tena?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba nzuri yenye maandiko. Ikapotea yote. "Nilidanganya," nikasema. "Siku ile hakuniambia kitu. Niliona aibu. Wewe ulimwosha mama, mimi nilimletea mafuta. Nikasema vile ili watu wakuangalie wewe, wasiniangalie mimi."

Akatupa kiazi kule kwenye vya kuuza. "Mimi ulinisema mbele ya watu," akasema. "Sasa unanirudishia jina langu huku nyuma ya nyumba?"

Nililala kwake. Jumapili nilisimama katika kanisa lililomzika mama, mbele ya watu wale wale, nikasema kila kitu. Ndugu yangu alisikiliza akiwa mlangoni, kofia mkononi. Nilipomaliza nilitarajia machozi, au angalau haleluya moja. Badala yake shangazi yetu, aliyekaa benchi la mbele, masikio yake mazito hata sauti yake mwenyewe haisikii, akamnong'oneza jirani yake, kanisa lote likamsikia: "Hata sisi tulijua. Mungu gani angeongea ovyo vile mbele ya jeneza?"

Watu wakacheka. Nilichelewa kidogo, lakini nilicheka pia.

Ndugu yangu hakunikumbatia. Tulipofika nyumbani alisema, "Pombe sijaacha."

"Sijakuuliza."

"Ndiyo maana nashangaa."

Akapika kabeji na nyama, akanipakulia. Tukiwa tunakula akaanza kunisimulia habari za mama, miezi ile ya mwisho. Kila asubuhi alitaka redio ifunguliwe kwenye mahubiri, kisha abishane na mhubiri mpaka chai ipoe. Siku nyingine alimtuma ndugu yangu nje akaangalie kama migomba imetoa mikungu, akirudi anamkuta amelala, uso umetulia. Sikuwa nimesikia hata moja kati ya hadithi hizo. Nilikaa hapo mpaka mchana ukaisha, nikimuuliza tu, "Halafu?"